Ndoo Yenye Sura

Alikuja mikorosho ikiwa bado maua,
akapanda juu ya meza ya mwalimu Ngwenje
(meza ikalia, tukacheka, naye akacheka),
akauliza: nani hapa halali kwa sababu ya tembo?
Tukanyoosha mikono, hata wenye maduka.

Mume wangu Mfaume alisimama karibu na spika.
Gobore lake alilirithi kwa babake,
kitako kimefungwa waya wa baiskeli,
akalipeleka kituoni mwaka ule wa kusalimisha kwa hiari.
Akapewa karatasi: namba, muhuri,
na sahihi nyembamba kama unywele uliodondoka.
Mgombea akaiomba, akaisoma mbele ya watu.
Mkinituma, akasema, sheria itabadilika,
mkulima atapata kibali hapa hapa Liwale,
na karatasi hii itarudi kuwa bunduki.
Vigelegele. Mimi nilinyamaza.

Gobore sikulipenda.
Ndilo lililomkata Chande kidole mwaka wa njaa,
ndilo lililolala chini ya kitanda changu miaka kumi na tisa
kama mgeni asiyeaga.
Lakini kidole changu nilikichovya kwenye wino
kwa ajili ya mihogo, si kwa ajili ya baruti.

Tukapewa ndoo. Nyeupe, lita ishirini,
sura yake ubavuni, meno yote nje.

Mwaka wa kwanza redio ilisema muswada unaandaliwa.
Wa pili, uko kwenye kamati.
Wa tatu, mtendaji wa kijiji akatuambia uko mezani.
Meza ipi? Kwetu kitu kikiwekwa mezani
wataliwa watu wamekula, au nzi wamekula,
lakini hakikai miaka.
Wa nne Mfaume akafa. Si tembo,
ni kifua tu, kifua na umande wa dunguni.
Karatasi yake nimeikuta kwenye mkoba
pamoja na stakabadhi za korosho,
zimegandana, wino wa moja umehamia kwa nyingine,
sijui tena tunadai bunduki au kilo.

Nilikwenda wilayani, nauli elfu nane.
Kijana wa ofisini, mpole, hata kiti alinipa,
akasema: mama, jaza fomu ya kifuta jasho.
Nikajaza. Ufuta ekari mbili, mihogo moja.
Palipoandikwa SHAHIDI nikamuuliza nimwandike nani,
maana usiku ule tulikuwa mimi na tembo.
Akatazama dirishani.

Dunguni nalala na Somoe, mjukuu wangu,
miaka kumi na moja, anasinzia tochi mkononi.
Tumepaka kamba pilipili na oili chafu.
Wadogo wanarudi nyuma, wanapiga chafya.
Wakubwa wanaivuka kama wakwe wanaovuka kizingiti,
mguu mmoja, kisha mwingine, kwa adabu kabisa.
Hapo ndipo naipiga ndoo.
Naipiga kwa mchi. Gizani sichagui pa kupiga,
lakini asubuhi Somoe huniletea habari:
Bibi, leo umempata jicho.
Bibi, meno yamebaki matatu.
Na tembo nao wameizoea.
Juzi dume mmoja alisimama, akasikiliza mpaka nikachoka,
akaendelea kung'oa.

Jana limepita gari la matangazo.
Anarudi Jumamosi, uwanja ule ule,
meza sasa ina mguu wa kuungwa.
Somoe anauliza kama tutakwenda.
Tutakwenda. Nitakaa mbele na karatasi ya Mfaume,
nimwombe aisome tena, kwa spika,
taratibu, mpaka kwenye tarehe.
Kura yangu sijui. Hilo nitalijua peke yangu, nyuma ya pazia.

Lakini wakigawa ndoo, nitapokea.
Hii imepata ufa,
na mihogo bado iko ardhini.