Joto Linakoanzia

Aprili. Nyuma ya ghala bado kuna theluji,
kipande kimoja tu, cheusi kwa vumbi la barabara,
kinagoma kuhama kama mpangaji.
Nyasi za Wisconsin hazijali, zinaota.
Na trekta ya bustani, ya mwaka sabini na moja,
imewaka, imekohoa, imekata hatua arobaini,
kisha ikazima mbele ya banda la kuku
na kuacha harufu ile ya plastiki iliyoungua
inayomkaa mtu puani mpaka chakula cha jioni.

"Nimulikie," namwambia Tilda.
Ana miaka kumi na moja. Tochi anaishika
kama anayemulika mwizi.

Natoa kifuniko. Napapasa.
Waya mwekundu, unapotoka kwenye betri: baridi.
Unapopita chini ya tangi: vuguvugu.
Kwenye plagi ya swichi: mama yangu!
Nanyonya kidole.
Hapo nimeshajua nusu ya habari.
Waya uliotwishwa mzigo mkubwa huchemka mwili mzima;
unaochemka mahali pamoja una kiungo kibovu,
umeme unasukumana pale kama watu wa msibani
mlango ukiwa umefunguliwa upande mmoja.

Plagi imeyeyuka, imefanya ukoko.
Meno yake ya shaba yamevaa kijani.
Naweka kipima umeme: huku kumi na mbili,
huku tisa.
Volti tatu zimepotea
katika safari fupi kuliko ukucha.
Hazikupotea. Zimekuwa moto.

Halafu, juu ya jino hilo hilo,
waya mwingine mwembamba, umesokotwa kwa vidole,
umefungwa utepe wa njano, unakwenda kwenye taa.
"Merle!" nasema. "Fundi gani huyu!"
Shemeji yangu Merle ndiye aliyeniuzia.
Miaka thelathini nimemsema
kanisani, kwa muuza mbegu, hata kwenye mazishi yake,
kwa sauti ya chini.
Awamu ya mwisho, dola arobaini, sikumlipa.
Nilisema ni fidia.

"Na fyuzi?" anauliza Tilda.
Fyuzi hakuna. Kwenye nafasi yake
kimeviringishwa kikaratasi cha fedha cha chingamu,
chingamu ya mdalasini, maandishi bado yanasomeka.
"Merle alikuwa anatafuna chingamu?"

Merle alitafuna tumbaku.
Meno yake yenyewe yalikuwa machache.
Mwenye chingamu ya mdalasini, mfuko mzima,
ni mtu aliyeacha sigara mwaka wa themanini na nane,
mtu aliyekuwa na harusi Jumamosi,
nyasi za kanisa zimefika magotini
na duka la vipuri limefungwa.
Kikulacho ki kwenye suruali yako ya kazi.

Simjibu mtoto. Namwomba msasa.
Nasugua shaba mpaka irudi kuwa shaba,
naweka plagi mpya, waya mnene,
taa nazipa njia yake, fyuzi yake,
fyuzi ya dukani.
Nawasha. Nahesabu hadi mia mbili.
Nashika waya. Baridi.

Tilda amekitia kikaratasi mfukoni, sijui cha nini.

Banda la kuku nimeliacha vilevile.
Nimeshuka na barabara kwa mwendo wa kobe
hadi kwa Dorleen, mjane wa Merle,
nikaanza kukata bila kuulizwa.
Akatoka barazani na pochi mkononi.
Mashine ina kelele, tulipiga mayowe:
"Kiasi gani?"
"Arobaini!"
Akaanza kuhesabu.
"Hapana," nikasema, "mimi ndiye—"
na hapo ikabidi nizime.