Hakuna Marehemu

Nilipofika kibandani kwake, nyuma ya soko la Mbuyuni,
fundi Mbwambo aliweka msumeno chini, akapangusa mikono,
akashusha sauti kama mtu anayeingia geti la wafiwa:
"Pole, dada. Marehemu ni nani?"

Nikacheka, kisha nikaona aibu ya kucheka,
maana nyuma yake walikuwa wamejipanga:
mababu na tai zao, mabibi na vilemba,
kijana mmoja ndani ya joho la chuo,
wote wakisubiri gundi ikauke, wazikwe Jumamosi.

"Hakuna marehemu, fundi. Ni ukuta.
Ukuta wangu wa Pasua. Uko uchi."

Nikafungua mfuko.
Kwanza, kipande cha kanga ya mama.
(Yupo, yuko Marangu, jana alinipigia kunigombeza.)
Kanga yenyewe ilishakuwa dekio,
kimebaki kipande cha pindo na nusu ya jina:
LAKINI NINA HARAKA.
Mwanzo wake haujui tena mtu yeyote, hata mwenyewe.

Pili, kuku wa Kandida, kwa penseli za rangi.
Ana miguu minne.
Nilipomuuliza mwanangu kwa nini, alinishangaa:
"Anakwenda mbali."

"Na ya tatu?"
"Ya tatu nataka fremu tupu. Arobaini kwa sitini."
"Bila kioo?"
"Bila kioo, bila mgongo."
"Picha utaleta lini?"
"Picha iko ukutani tayari."
Akanitazama. Akaandika daftarini: *tupu, 1.*

Mbao alitoa kwenye paleti iliyovunjika,
chapa ya kiwanda bado inasomeka ubavuni.
Elfu nne, elfu nne, na ile tupu elfu tatu,
kwa kuwa hewa, alisema, hauzi.

Msasa nilipiga mwenyewe barazani, siku mbili,
vumbi likatua hadi kwenye maharage.
Vanishi sikununua. Nilichemsha chai ya rangi
mpaka ikawa nyeusi, nikapaka mara tatu.
Mama Anzawe wa chumba cha pili akapita:
"Yaani mbao umezikaribisha chai, mimi hapana."

Mkataba wetu unasema misumari minne, isizidi.
Wa kwanza uliangusha donge la plasta
kubwa kama andazi.
Ikabaki mitatu.

Kanga juu ya meza ya kulia.
Kuku kando ya mlango, kichwa kikielekea nje.
Na ile tupu nikalivisha doa.

Doa la masika, la manjano, lenye ukingo wa kahawia.
Mwaka juzi nililipaka chokaa, likarudi.
Mwaka jana rangi ya mafuta, likarudi limenenepa.
Haya, nikaliambia, kaa.
Lakini kaa vizuri, uonekane.

Tarehe tano Mama Eliaichi akaja kuchukua kodi.
Kwanza alihesabu misumari, kwa kidole.
Kisha akasimama.
"Hii umechora mwenyewe?"
"Hapana, mama. Umechora wewe. Wewe na bati lako."

Nilidhani atanihamisha.
Akasogea, akarudi nyuma hatua mbili,
akainamisha kichwa upande.
"Naona kama mbuzi," alisema. "Amelala."
Kandida, bila kuinua macho kwenye uji:
"Ni kuku. Alishafika."

Jumatatu fundi wa bati alikuwa juu ya paa,
akigonga, akiimba, akiomba maji ya kunywa.
Mvua ya juzi niliisikiliza nimekaa kitini,
nikilitazama doa kwa saa nzima.
Halikukua.
Limekauka. Ukingo umefifia,
mbuzi amekonda, au kuku,
na kila asubuhi ukuta unazidi kuwa ukuta.

Nilipopita Mbuyuni nikamweleza Mbwambo.
Alizuia kicheko, akapangusa mikono,
akashusha ile sauti yake:
"Pole, dada."

Nikamjibu kama inavyojibiwa:
nimeshapoa.