Kifusi cha Kohtla

Baba aliendesha mtambo miaka ishirini na mitatu
hapa Kohtla, akiuondoa udongo
kama utando juu ya maziwa,
wenzake walifikie jiwe linalowaka.
Leo amenishikia ndoo.

Natoboa kifusi kwa bomba la chuma,
sentimita kumi, si zaidi.
Msonobari wa arobaini na moja:
mzizi mwembamba, ncha zimevimba, nyeupe,
vidole vya mtoto ndani ya glavu.

“Ugonjwa huo?”
“Kuvu, baba. Mti unawapa sukari,
nao wanauletea maji na fosfeti
kutoka mizizi isikofika.”
Anawaza. Anatema mate kando.
“Mkopo, basi. Kama dukani kwa Aino.
Wasiolipa je?”
Sina jibu. Wapo wasiolipa.

Usiku, maabara, hadubini.
Uzi mmoja simo katika wanaoujua.
Bakteria wameung'ang'ania
kama umande kwenye uzi wa buibui,
na kuzunguka kwao chembe ya jiwe
imeanza kumung'unyika.
Nani kauleta huku, penye majivu matupu?
Upepo? Kwato za kulungu?

Napiga simu, saa nne na nusu.
“Yale mabuti yako ya kazi,
uliyavaa ukienda kuchuma uyoga kwa bibi?”
Kimya. Namsikia akivuta kiti.
“Kila Jumapili, Helve.
Na Jumatatu kazini nayo, tope na yote.
Mama yako alinifokea mpaka akachoka.”

Sampuli ya arobaini na moja.
Pembeni, kwa penseli, naandika jina lake,
halafu alama ya kuuliza.
Sijaifuta.