Bakuli la Deni

Kilianza kama mlio, usiku wa kuamkia tarehe mbili,
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa perege
akaona haya kusema.
Nikawasha taa ya uani. Deni kasimama, shingo mbele,
anavuta, anavuta,
kisha povu jeupe kidogo juu ya saruji.
Nikampanua kinywa nikatafuta mfupa.
Hapakuwa na mfupa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema.
Basi mgeni alikuja, siku mbili kabla ya Krismasi,
ndani ya gari la vioo vyeusi kutoka Dar:
mbwa wa shemeji yangu, ana sweta,
ana jina ambalo ulimi wangu haukuliweza.
Mbwa wote wa Kiborloni walifika getini kumwamkia
kwa desturi yao, pua kwa pua,
wakanywa maji sufuria moja, ile iliyopinda mdomo.
Sikukuu ikaisha. Gari likaondoka na mikungu ya mishare,
likatuachia kikohozi.

Daktari wa mifugo, Elinisafi, alikuja na pikipiki.
Alibonyeza koo kwa vidole viwili tu,
Deni akakohoa kama aliyeulizwa swali.
"Si mfupa, mama. Ni pumzi. Hii inaruka ua.
Mkanda wa shingoni mvue. Mtenge siku kumi na nne.
Bakuli lake liwe lake."
Mbwa wa Mama Anansia tayari. Wa fundi baiskeli tayari.
Kile kitoto cha kanisani, ambacho hakikuchanjwa,
hakikuiona Ijumaa.

Bakuli lake liwe lake.
Neno hilo niliwahi kuambiwa, Kibong'oto,
mwaka ule Baba Ndelilio alipokonda.
Nikamtengea kikombe cha bati,
nikakitia alama kwa rangi ya kucha,
nikakiosha peke yake, nikakianika peke yake.
Alikitazama kile kikombe
muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.
Hakuuliza. Nami sikueleza.

Yeye ndiye aliyemleta huyu mbwa, angali kinda,
badala ya pesa za mahindi ambazo mtu hakulipa.
Ndiyo maana ya jina.

Sasa nakaa hatua tatu kutoka bandani,
kanga mabegani, mlima umejifunika,
namweleza mbwa:
si chuki, Deni. Ni siku kumi na nne tu.
Nahesabu kwa mkaa ukutani, leo ya sita.
Anatikisa mkia mara moja. Anakohoa.
Anasukuma bakuli kwa pua mpaka kwenye wavu,
tupu,
kama mtu anayedai.