Mashine ya Kufumia

Nilishuka nayo Magamba imeviringwa blanketi kama mgonjwa.
Kona za Soni zilitutikisa sote wawili.
Mombo nikavua koti, Korogwe nikavua skafu,
stendi ya Kange sikuwa tena na cha kuvua
ila lafudhi.

Kwetu asubuhi hujui
moshi upi umetoka jikoni na ukungu upi umetoka msituni.
Tangu Shemndolwa afariki
upande wake wa kitanda ulikuwa unapoa kuanzia saa kumi jioni.
Hilo sikumwambia mtu.
Niliwaambia: nahamia Tanga, mji unakua.

Na kweli unakua.
Mwahako wamepima viwanja hadi katikati ya minazi,
bikoni zimechomoza kama meno ya mtoto;
unapita leo kuna msingi, jana palikuwa na mbuzi.
Malori ya saruji yanapita usiku
na sakafu yangu ya Barabara ya Kumi na Tano inayaitikia.

Bi Mwanakombo mwenye nyumba akaizunguka mashine:
"Na hii inasaga nini?"
Nikamwambia inafuma masweta.
Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.
"Mwanangu, huku hata kichanga ukimfunika shuka
anakushitaki kwa baba yake."

Walinionya pia: Tanga, waja leo waondoka leo.
Miezi sita nikauza sweta moja,
kwa binti aliyepangiwa shule Njombe.
Mengine yalikaa kwenye mfuko wa naironi
yakinuka sufu, naftalini, na mimi wa zamani.
Nililala na kanga mbichi kifuani.
Nilijifunza kuoga mara tatu, kunywa chai ya moto saa nane mchana
kama wenye mji, bila kuuliza sababu.
Mdogo wangu akipiga simu nilimwomba
asogee dirishani asiseme kitu,
nisikie mikaratusi.
Vocha yake iliisha hivyo, mikononi mwa upepo.

Kisha, mchana mmoja wa Februari,
jua limesimama utosini kama mdai,
akapita mtu kwenye baiskeli
amevaa makoti mawili, gambuti, na kofia ya sufu.
Nikajua ni mwehu. Nikamwonea huruma.
Akafunga breki mbele ya mfuko wangu.

Anaitwa Mbarouk.
Anafanya kazi ghala la pweza,
chumba cha barafu, kumi na nane chini ya sifuri.
Aliligusa sweta kwa nyuma ya vidole,
kama unavyopima homa ya mtoto.
"Tuko watu ishirini na mmoja," akasema,
"na makoti ya kampuni ni matatu."

Nikafuma.
Nikafuma umeme ulipokuwepo na ulipokatika,
kwa maana mashine yangu ni ya mkono, haidai mtu.
Mwisho wa mwezi Bi Mwanakombo akauliza tena, kwa utani:
"Haya, inasaga nini?"
"Kodi," nikasema, nikamwekea noti mkononi.

Siku ya kupeleka mzigo, Mbarouk akanifungulia lile lango zito.
Baridi ikatoka ikanikuta uso kwa uso.
Hainuki moshi, hainuki majani yaliyolowa.
Inanuka chuma na bahari iliyonyamazishwa.
Pweza wamepangwa rafu kwa rafu,
mikono yote minane imekunjwa,
hakuna anayemkumbatia mwenzake.

Nilitaka kusema nimeleta ishirini na moja, hesabuni.
Nikafungua kinywa,
na mbele ya macho yangu ikasimama pumzi yangu,
nyeupe,
ambayo sikuwa nimeiona tangu Magamba.
Nikapumua tena ili niione tena.

"Mama," mlinzi akaita nje, "ingia au toka,
baridi inatoroka!"

Nikatoka.
Nikalisukuma lango kwa bega hadi likabana,
nikasimama juani, mikono mitupu,
miwani imeniingia ukungu.
Sikuifuta upesi.