Zipu ya Amiri

Nimeshona majoho kumi na manne ya mtu mmoja.
Amiri mwenyewe, enzi za uhai wake,
sidhani kama alikuwa na mawili.
Lakini Mundhir anataka la kuingilia mjini,
la kukasirikia, la kusamehea,
na la kufia, jeupe, ili damu ionekane.

Tuko Bahla, nyuma ya ngome ya udongo.
Cherehani yangu imekaa juu ya kreti la maji ya chupa.
Ngome hii kwenye mchezo ni miji mitano:
juzi ilikuwa Hormuzi,
leo ni mji fulani wa pwani ya kwetu, hawakuupa jina.

Daktari Ghalib wa chuo kikuu analipwa kwa siku
ili tusidanganye.
Ameipima ala ya jambia kwa rula.
Amemvua askari kofia ya viua:
"Hii imekuja na mabibi zenu,
karne nyingi baada ya vita hivi,"
akanitazama mimi.
Nikampenda kwa hilo.
Mtu anayegombana na uzi ni ndugu yangu.

Kisha wakaletwa mateka.
Arubaini, kwa basi la shule:
watunza bustani wa Sylhet, wapishi wawili,
na Tunu wa Pangani, ambaye Ijumaa
ndiyo siku yake ya kutofua nguo za watu.
Riali kumi na chakula cha mchana.

Nikauliza, hawa wavae nini?
Mundhir hakuinua macho: "Magunia. Rangi ya vumbi."
Nikamgeukia Daktari.
Akafungua daftari, akafunua, akafunua.
"Vyanzo havisemi."

Vyanzo vinajua farasi wa Amiri alikula nini.

Bibi yangu alikuja toka Pemba na kasha moja.
Ndani mna kaniki, imepauka kote ila mikunjoni.
Alikuwa akisema: hata anayekimbia moto
amevaa kitu, na kitu hicho kina jina.

"Nayo si ya zama zile," akasema Daktari.
"Basi ya zama zile ni ipi?"
Akafunga daftari.
Labda nami nilidanganya. Sikatai.
Nimetia kiraka mahali palipotoboka,
na kiraka siku zote ni kitambaa kingine.

Tunu aliipokea kwa mikono miwili.
Sikumwelekeza. Aliizungusha kifuani,
akachomeka pindo kwa kidole gumba,
akajitikisa kidogo kuona kama imeshika.
"Wewe wa buluu," kipaza sauti kikaita,
"rudi nyuma. Nyuma zaidi."

Ramadhani, baada ya futari, mlango kwa mlango
televisheni moja ikasikika.
Amiri akapanda ngazi. Feni ikapuliza.
Joho la kusamehea likafunuka
na zipu ikang'aa mgongoni, toka shingo hadi kiunoni.

Kosa langu. Mwigizaji alinenepa,
vishikizo vikagoma, na ilikuwa saa nane za usiku.
Kabla ya tarawehi nchi nzima ilikuwa inacheka:
eti Amiri aliteka Hormuzi
na kiwanda cha zipu pamoja nayo.
Daktari Ghalib alinipigia simu kwa sauti ya msiba.
Nikamwomba radhi. Nilimaanisha.

Mimi nilirudisha picha nyuma, pengine.
Sekunde mbili, kona ya kushoto,
kati ya miguu ya farasi na ukuta: buluu.
Tunu hamwangalii Amiri.
Anamwangalia mtu aliye nje ya picha,
ambaye ni mimi, ninamwashiria avute pindo.

Kaniki haijarudi mpaka leo.
Nimekwenda stoo mara tatu.
Kijana wa zamu amenionyesha daftari lao,
mwandiko mzuri, mistari imenyooka:
majoho, kumi na manne. Majambia, sita.
Magunia, arubaini.