Sabule

Mshahara wangu ukishakatwa,
hubaki elfu ishirini na saba.
Dalali Bwanaheri aliupima kama samaki wa jana,
akautazama macho, akaufunua mashavu,
akasema: Huu, ndugu yangu, ni wa Wiyoni.

Wiyoni si mbali kwa mwenye usingizi wake.
Mimi huamshwa na simu saa tisa za usiku:
kijana kaanguka mnazini, njoo uwashe mashine.
Kazi yangu ni kupiga picha za mifupa,
na mfupa uliovunjika haungoji kukuche.

Basi tukazunguka,
Langoni, Gadeni, Mkomani na kurudi,
yeye mbele na ndara zake za kubusu sakafu,
mimi nyuma na mia tano yake ya kila mlango.
Na milango ipo! Milango haijapungua mji huu.
Mmoja umechongwa maua na minyororo,
wa Mbelgiji anayekuja siku kumi na nne kwa mwaka.
Siku mia tatu hamsini na moja zilizobaki
wanakaa humo mlinzi, bwawa dogo la kijani
na paka watatu wasiodaiwa na mtu.

Kwingine, elfu thelathini na tano, maji ya chumvi.
Kwingine, elfu kumi na nane, ghala la saruji
lisilo na dirisha. Utazoea, wakaniambia.
Kwingine bei ilikuwa nzuri
mpaka nilipotaja kwetu Voi.
Na bwana mmoja aliuliza: Kwa usiku au kwa mwezi?
Nikajibu, kwa mwezi.
Akanitazama kwa huruma,
kama muuza mchele aliyejiwa na mtu mwenye kijiko.

Kuta hizi nazijua.
Ni matumbawe, mifupa ya bahari,
na boriti zimepangwa juu kama mbavu.
Kwenye picha zangu mfupa hutoka mweupe,
hewa hutoka nyeusi.
Ningeusimamisha mji mbele ya mashine,
nikauambia, vuta pumzi, usitikisike,
ungetoka mweusi tii.

Siku ya kumi na moja Bwanaheri hakutokea,
amepata mteja mnene.
Nilikuwa napita zangu,
sauti ikanidondokea kutoka dirishani:
Ndiwe yule wa picha? Ndoo yuu.

Ngazi kumi na tisa, ya saba imemomonyoka.
Bi Zenai hakuuliza mshahara.
Aliuliza kama nakoroma,
kama nina mke ninayemficha,
na kama najua kutia betri kwenye redio.
Kisha akafungua sabule, chumba cha wageni
ambacho mgeni wake wa mwisho alikuwa marehemu mumewe,
aliyehamia huko, alisema, kwa ajili ya kikohozi.
Chupa za dawa bado zimejipanga kwenye zidaka.

Elfu tisa, akasema. Akainua kidole.
Mfungo Sita utanipisha, waja jamaa wa Siyu.
Na mwisho wa Desemba utanipisha tena,
naweka watalii,
kwa maana paa nalo lataka kula.

Nikapiga hesabu:
mpangaji wa miezi kumi na nusu,
na mwezi na nusu nilale juu ya meza ya mashine,
kitanda kigumu, lakini hakina kodi.
Nikasema ndiyo kabla kidole hakijashuka.

Punda mmoja angetosha.
Mwenye punda alidai wa pili, kwa heshima ya godoro.

Usiku huo niliziondoa chupa, zote ila moja,
nikaweka mswaki, kikombe, chaja.
Saa tisa simu ikalia.
Nikashuka gizani bila tochi, nusu nimelala,
na ngazi ya saba nikairuka.
Mguu ulikwishajua.